Nimetoka jivu kwenye picha zote za sendofu. Faundesheni ya rangi yangu naipataje hapa Dodoma?

Binti wa Kisasa

Habari za jioni wanajamvi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mpambe kwenye sendofu ya binamu yangu, Area D. Mimi ni maji ya kunde, ila maji ya kunde yaliyoelekea weusi, sijui mnanielewa. Nilipambwa saa nane mchana kwenye chumba chenye taa mbili nyeupe zimenielekea usoni, na kwenye kioo nilijiona malkia kabisa. Jioni ukumbini mama mdogo akanivuta pembeni: "Mwanangu, unaumwa?" Nikajua ni utani wake.

Jumatatu picha zikaingia kwenye grupu la familia. Shingo yangu ile ile, mikono yangu ile ile, halafu juu yake kimewekwa kichwa cha mtu aliyetoka mashineni kusaga mtama. Jivu tupu. Kuna mjomba kaandika chini ya picha: "Poleni na msiba."

Kwa hasira nikaingia duka moja la vipodozi mjini nikanunue ya kwangu, nisiwe napakwa rangi za watu wengine. Dada wa dukani akanipaka nyuma ya kiganja, akasema hiyo hiyo ndiyo yako. Elfu thelathini na tano ikanitoka. Kufika nyumbani, saa moja baadaye uso umekuwa chungwa. Siyo kahawia, chungwa la Muheza.

Mwezi ujao ni sendofu yangu mwenyewe. Naombeni msaada kabla mjomba hajaandika tena.

Mgogo Halisi

Usiudharau mtama, ndio uliokukuza.

Chausiku88

Shosti ni rahisi sana hiyo. Angalia mishipa ya kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa kijani, wewe ni rangi ya joto, chukua ya njano. Ikiwa bluu, wewe ni baridi, chukua ya pinki. Kwisha.

Binti wa Kisasa

Chausiku, nimeangalia mpaka nimewasha tochi ya simu. Sioni mshipa hata mmoja.

Mama wa Nkuhungu

Mdogo wangu Binti wa Kisasa, pole, ila hapo kwa mjomba nimecheka peke yangu kwenye daladala. Nina miaka kumi na moja napamba maharusi Dodoma hii, hadi Kondoa na Mpwapwa naitwa. Ngoja nikae niandike vizuri maana yaliyokupata ni mawili tofauti, na ukiyachanganya utanunua chupa tano.

Mishipa iache. Hiyo inawasaidia watu weupe ambao mshipa unaonekana. Sisi wengi mshipa haupo machoni, na hata ukionekana, kila mtu anakusomea rangi yake.

Sasa sikia. Watu wanapokuja kwangu wananiambia "mimi mweusi", "mimi mweupe". Hilo linaniambia giza tu, ngozi imekolea kiasi gani. Halisemi chini ya hilo giza kuna nini. Wenyewe wanaita andatoni, mimi kwa maharusi wangu huwa natumia mbao, maana kila mtu kaona kabati. Mninga na mtiki unaweza kukuta vimekolea sawa. Viweke juani: mninga una wekundu ndani, mtiki una unjano. Mpingo ukiusugua vizuri unaona kama zambarau. Na watu ndivyo walivyo. Nimepamba dada wawili, mama mmoja baba mmoja, weusi sawasawa, chupa ya huyu ikimkaa yule anaonekana kama ana homa ya manjano.

Jivu lako limetoka wapi? Kwenye chupa ya faundesheni rangi za msingi ni nne. Tatu zinatokana na chuma, ni ndugu na kutu: nyekundu, njano na nyeusi. Ya nne ni nyeupe, wanaiita titani. Aliyekupamba alikuchagulia iliyozidi nyeupe, pengine kwa nia njema ili "ung'ae". Nyeupe juu ya ngozi yetu haileti weupe, inaleta kile unachokiona juu ya mkaa asubuhi.

Ila usikimbilie kusema "basi nipeni nyeusi zaidi". Kuna chupa za bei nafuu ambazo mtengenezaji akitaka rangi ya mtu mweusi anaongeza nyeusi tu, bila kuongeza nyekundu na njano za kutosha. Ukiipaka hiyo unatoka na jivu lile lile, ila sasa ni jivu la usiku. Dawa ya jivu mara nyingi ni wekundu au unjano uliokosekana. Giza unaweza kuwa nalo sahihi kabisa.

Chungwa ni kesi nyingine. Faundesheni ikikutana na mafuta ya ngozi na hewa inabadilika. Nyingi zinakolea na kuelekea wekundu ndani ya dakika kumi na tano, ishirini. Wewe ulilipa ikiwa bado mbichi. Halafu ulipimiwa nyuma ya kiganja, mkono unaofua, unaoosha vyombo, unaopigwa jua kuanzia kituo cha daladala mpaka kazini. Mkono wako na uso wako hata hawajuani.

Chausiku88

Mama Nkuhungu umenimaliza. Miaka yote najipima kwenye kiganja 😂

Rangi Mbili

Mimi ni mwanaume na nimeingia huku kwa bahati mbaya, nilikuwa natafuta uzi wa bei za puti. Lakini nimesoma hadi mwisho, maana mnaongelea kazi yangu. Napiga rangi magari, gereji iko njia ya kwenda Chang'ombe.

Gari likija limegongwa mlango wa mbele, mteja anataka nisome namba ya rangi ya kiwandani, nichanganye, nipige. Ukifanya hivyo umeumia. Gari limekaa miaka minane kwenye jua la Dodoma, namba inasema fedha, bodi imeshafifia. Namba inakusogeza karibu tu. Ile rangi ya mwisho tunailinganisha na mlango wa nyuma, yaani jirani ambaye hakuguswa. Hatuangalii mlango uliogongwa, huo si ndio una tatizo?

Sasa dada, kwenye uso jirani ambaye hakuguswa ni nani? Shingo na kifua. Uso wako umegongwa na jua, chunusi na sabuni.

Halafu rangi mbichi na rangi kavu ni vitu viwili. Napiga kwenye kipande cha bati, nasubiri kikauke, natoka nacho nje. Ndani ya banda chini ya tyubu kila kitu kinafanana. Nje mteja anakwambia mlango wa mbele ni gari lingine.

Mgogo Halisi

Leo jamvi limekuwa VETA.

Mama wa Nkuhungu

Rangi Mbili, kaka yangu, umesema kile nilichokuwa nataka kuandika, tena kwa ufupi. Ukichoka na magari njoo nikufundishe nyusi.

Binti, fanya hivi. Siku ya kupima nenda asubuhi ya saa nne, uso umeoshwa na umepakwa mafuta yako ya kila siku tu. Vaa nguo iliyoacha shingo wazi na isiwe nyekundu wala njano kali, maana nguo nayo inarudisha rangi usoni. Beba kioo chako na pamba za masikio zako, usikubali ile brashi iliyopita kwenye mashavu ya mji mzima.

Omba rangi tatu, ile unayodhani ni yako, moja iliyokolea zaidi, na moja yenye wekundu au unjano zaidi. Chora mistari mitatu kuanzia mwisho wa shavu, pita kwenye taya, shuka hadi shingoni. Usisambaze, gusagusa kidogo tu. Halafu toka dukani. Watakuangalia, waache wakuangalie. Nenda kanywe juisi, piga stori, rudi kwenye kioo baada ya dakika ishirini ukiwa kwenye kivuli chenye mwanga. Usisimame juani utosini, na usisimame chini ya turubai la bluu la machinga, hilo linampa kila mtu ugonjwa.

Ule mstari ambao unautafuta huuoni, ndio wako. Usichague unaopendeza. Mstari unaopendeza ni ule unaoonekana, na ukionekana kwenye taya utaonekana kwenye picha.

Mwanachuo wa UDOM

Mama naomba kuuliza. Kwenye video wadada wanataja tu "mimi ni NC45". Hiyo C si baridi? Na nikiijua namba yangu naweza kuitumia kwa kampuni zote?

Mama wa Nkuhungu

Hapana mwanangu. Hizo ni namba za kampuni ya vipodozi ya MAC, na herufi zao zimewachanganya wengi. Kwao NC ni ya wenye unjano, NW ni ya wenye wekundu. Mtu anasoma W anadhani ni ya joto, ananunua, anarudi analia. Na kila kampuni ina hesabu yake, 45 ya huyu siyo 45 ya yule.

Ila mna bahati nyie. Iman, yule mwanamitindo Msomali, alianzisha kampuni yake mwaka 1994 kwa sababu wenye ngozi kama zetu hawakuwa na pa kushika. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka na rangi 40 kwa mpigo, ndipo kampuni nyingi kubwa zikakumbuka kwamba kuna watu baada ya kahawia. Sisi tulioanza zamani tulikuwa tunachanganya chupa mbili kwenye kiganja, na mpaka leo nachanganya.

Shemeji wa Manyoni

Wakuu, nataka kumnunulia wife kama zawadi, nimsapraizi. Nikipiga picha ya uso wake akiwa amelala halafu nikamuonyesha muuzaji inatosha?

Chausiku88

Shemeji ukikamatwa unapiga picha mtu usiku utaeleza nini? Mnunulie kitenge.

Mama wa Nkuhungu

Simu inarekebisha rangi yenyewe shemeji, na zingine zinamng'arisha mtu bila kuombwa. Angalia chupa yake iliyokwisha, lazima anaitunza mahali. Piga picha ya maandishi ya chini.

Sijataja Jina

Naomba msinitukane. Nimetumia mkorogo miaka minne. Niliacha mwezi wa pili. Uso bado ni mweupe, shingo na vidole vyeusi, pembeni ya macho kuna mabaka. Nichague ya uso au ya shingo?

Mama wa Nkuhungu

Hakuna wa kukutukana hapa, na umefanya vizuri kuacha. Chukua ya shingo na kifua, kama Rangi Mbili alivyosema. Ngozi ya uso inarudi kidogokidogo, kwa hiyo usinunue chupa kubwa, utakuwa unabadilisha. Kwenye mabaka tanguliza konsila, ile krimu nzito ya kuficha madoa, yenye uchungwa, kidogo sana, palepale tu, halafu faundesheni juu. Uchungwa unaua ule ubluu wa baka. Ukiweka konsila nyeupe juu ya baka unapata kijivu, tunarudi kwenye mtama.

Ila kabla ya rangi, nenda kaonane na daktari wa ngozi. Mikorogo mingi ina zebaki au haidrokwinoni, na siyo bure zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki haiishii kwenye ngozi, inaenda hadi kwenye figo. Na jikinge na jua, ngozi yako sasa hivi ni kama ya mtoto. Usitegemee ile kinga iliyoandikwa kwenye chupa ya faundesheni, hakuna anayepaka nyingi kiasi hicho. Paka losheni ya jua peke yake, kwanza.

Sijataja Jina

Asante mama. Sikutegemea.

Binti wa Kisasa

Jamani mrejesho. Leo nimeenda. Sikurudi lile duka la kwanza, nimeenda lingine karibu na Nyerere Square. Nikamwambia kijana wa dukani nataka rangi tatu na nitatoka nje dakika ishirini. Akaniuliza kama naacha kitambulisho 😂

Nimekaa kwenye benchi na mistari yangu kwenye taya. Mtoto mmoja akamwambia mama yake, "Yule dada amechorwa." Nimekunywa juisi ya zabibu glasi mbili kwa aibu.

Sasa ajabu. Dukani, mstari wa kwanza ndio niliokuwa nimeupenda, umetulia kama krimu. Nje, baada ya juisi ya pili, huo huo ndio umekuwa chungwa. Wa katikati umebaki kama mkanda wa jivu. Wa tatu, ambao kijana aliutoa tu ili zitimie tatu, nimeutafuta kwenye kioo nikadhani nimeufuta na leso. Nikageuza shingo huku na huku. Upo, ila hauonekani. Una wekundu kama udongo wa kichuguu, dukani ningeapa siyo wangu.

Swali moja. Kwenye paji la uso ni mweusi kuliko mashavu. Hiyo rangi ya tatu pale juu inaonekana nyepesi kidogo. Nimekosea?

Mama wa Nkuhungu

Hujakosea, wewe ni mninga 😄 Sisi wengi paji la uso na pembezoni mwa uso vimekolea kuliko katikati, na kuzunguka mdomo pia. Usijaribu kuufanya uso wote uwe rangi moja, utakuwa sinia. Paka katikati, kisha sambaza kuelekea nje na sponji yenye unyevu hadi iishe yenyewe. Paji la uso liguse kwa kile kilichobaki kwenye sponji. Ukitaka kufika mbali, nunua na ndogo iliyokolea zaidi, tone moja la pembeni.

Hiyo ndogo utaihitaji tu. Dodoma hii siyo Dar. Mvua zikishakata kuanzia mwezi wa tano, ule upepo wa Juni na Julai ukianza, ngozi inakauka mpaka ukijikuna inaandika kama ubao. Faundesheni inashika kwenye magamba, rangi yako ile ile inaonekana imepauka. Watu wanadhani rangi imebadilika, kumbe ni ukavu. Paka mafuta, subiri yaingie robo saa, ndipo uendelee. Likija jua la Oktoba unakolea kweli, hapo ndipo unaongeza tone.

Na kama unatumia praima, ile inayopakwa chini ya faundesheni, soma nyuma ya chupa. Praima ya maji na faundesheni ya silikoni mara nyingi hawaelewani. Ukiona inajikunja kama uchafu wa kifutio, ndiyo hiyo.

Rangi Mbili

Sawa na kupiga rangi juu ya praima isiyo yake. Inamenyeka yote, mteja anakufuata hadi nyumbani.

Binti wa Kisasa

Na picha? Naogopa flashi kuliko kitu chochote.

Mama wa Nkuhungu

Flashi inapiga kwenye ile titani, kwenye kinga ya jua yenye zinki, na kwenye poda nyeupe ya silika wanayomalizia nayo. Kwa macho huioni, kamera inaiona yote na kuirudisha nyeupe. Mwambie anayekupamba asimalizie na poda nyeupe, amalizie na ya rangi yako. Kisha kabla hujatoka mzime taa chumbani, piga picha moja ya flashi kwa simu. Kama kuna mzimu utauona hapo, bado kuna muda wa kuufuta.

Mgogo Halisi

Uzi huu ufungwe sasa, mke wangu ameanza kutoka nje ya maduka na michirizi.

Binti wa Kisasa

Wanajamvi, nimerudi. Sendofu ilikuwa juzi.

Nilimpelekea mpambaji chupa zangu mbili mkononi. Kwanza alinuna, akasema ana zake za nje ya nchi. Nikamwambia zako nzuri, ila hizi nimekunywa nazo juisi. Akakubali. Ya kwanza kasambaza, tone la pili pembeni, tukazima taa tukapiga flashi. Puani palitoka peupe, akafuta, akarudia.

Mama alikuja kuniona kabla hatujatoka. Akanitazama kwa muda, akanipitishia kidole shavuni, akakitazama kile kidole, akakinusa. "Hawajakupaka?" Nikamwambia nimepakwa saa nzima na nusu. Akasema, "Basi wakurudishie hela."

Chausiku88

😂😂😂 Na mjomba je? Kaandika nini kwenye grupu?

Binti wa Kisasa

Mjomba sikumpa nafasi, nilimsimulia yote siku hiyo hiyo ukumbini. Kaomba namba ya Rangi Mbili. Ana Noah yake mlango mmoja ni wa gari lingine.